Kidonge cha Kila Jioni



Katika Kwaresima ya mwaka 2009, kikundi chetu cha vijana wa parokia kiliamua kwamba, badala ya kukusanya sabuni na mchele kama ilivyokuwa desturi, twende tukatoe damu kwa ajili ya wagonjwa. Tulikuwa kumi na wanane. Tuliteremka kwa miguu kutoka Kadutu huku tukiimba, na watu wa njiani walitupisha wakitabasamu. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 23, mpiga ngoma wa kwaya, mwenye nguvu, ambaye hakuwahi kulala hospitali hata usiku mmoja.

Siku chache baadaye niliitwa peke yangu. Mhudumu alinipa karatasi ndogo, akaniambia kwa upole kwamba damu yangu haitatumika, kwa maana imeonekana kuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Aliongeza mambo mawili: nimwone daktari, na niwaambie ndugu zangu nao wapimwe. Nilimshukuru. Nikaikunja karatasi ile mara nne, nikaitia katikati ya kitabu changu cha nyimbo, na kwa muda wa miaka mitatu sikumwambia mtu yeyote.

Mtaniuliza kwa nini. Kwanza, sikuumwa popote. Pili, niliona aibu. Nilikuwa nimesikia kwamba ugonjwa huo hupita katika damu na katika tendo la ndoa, nikajiuliza watu wangesema nini juu ya mpiga ngoma wa kwaya. Sikujua wakati ule jambo ambalo kila kijana wa mji wetu angepaswa kulijua: kwamba huku Afrika wengi wenye virusi hivi walivipata walipozaliwa, kutoka kwa mama asiyejua kwamba anavyo, au walipokuwa watoto wadogo. Kati ya watoto wachanga kumi wanaoambukizwa, tisa hubaki na virusi maisha yao yote. Kati ya watu wazima mia wanaoambukizwa, hawafiki watano. Kwa hiyo virusi vyangu huenda vilikuwa na umri sawa na wangu. Wala virusi hivi havipiti katika sahani moja, wala katika kupeana mkono, wala katika kuketi benchi moja kanisani. Lakini mwenye aibu haulizi, na asiyeuliza hujijibu mwenyewe kwa hofu.

Nilikuwa na kaka mkubwa, ambaye nyumbani sote tulimwita Yaya. Alikuwa seremala, mwenye mke na watoto wawili. Mwaka 2012 alianza kukonda. Macho yake yakageuka manjano, kisha tumbo likajaa maji hata hakuweza tena kuinama juu ya meza yake ya kazi. Ninyi mliokulia hapa Bukavu mnajua neno lililofuata. Mtu akikonda na tumbo likivimba, kabla ya kipimo chochote husemwa kwamba amelishwa karuho. Na ikisemwa karuho, hutafutwa mkono uliotia sumu. Katika ukoo wetu mkono uliotajwa ulikuwa wa shangazi, dada wa baba, kwa sababu miezi michache kabla alikuwa ameleta kasiksi kwenye karamu ya ubatizo, na Yaya ndiye aliyekunywa wa kwanza. Shangazi akakatazwa kukanyaga kiwanja chetu. Yaya akapelekwa kwa mtu anayetapisha watu, akatapika majuma mawili, akarudi amedhoofika kuliko alivyokwenda.

Sitawaambia kwamba sikuiwaza karatasi yangu. Niliiwaza usiku mmoja, nikafungua kitabu cha nyimbo, nikaitazama, nikakifunga tena.

Mwishowe tulimpeleka hospitali. Daktari alimpima, akatoa maji tumboni, akatuita wanandugu. Alisema kwamba ini la Yaya limejaa makovu, na kwamba juu ya makovu hayo umeota uvimbe wa saratani. Chanzo chake ni virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo huenda alikuwa navyo tangu utoto. Akauliza kama kuna mwingine katika familia aliyewahi kuonekana navyo. Wote walinyamaza, na mimi nikanyamaza pamoja nao.

Lakini daktari alipotoka nilimfuata katika ujia. Nilimwambia: «Daktari, nimesikia kwamba huko ng'ambo mtu mzima hukatiwa kipande cha ini akapewa mgonjwa. Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja. Kateni langu.»

Alinitazama kwa muda, akasema: «Neno lako ni jema. Upasuaji huo hatunao hapa nchini. Lakini hata tungekuwa nao, swali la kwanza lingekuwa juu ya damu yako mwenyewe. Umewahi kupimwa?»

Nilifungua kinywa niseme hapana. Badala yake nililia, kisha nikamweleza yote. Nilikuwa natoa zawadi ambayo nilijua, au nilipaswa kujua, kwamba haiwezi kupokelewa. Na zawadi niliyokuwa nayo kweli, yaani neno moja lililoandikwa katika karatasi, nilikuwa nimeinyima nyumba yetu kwa miaka mitatu.

Daktari yule hakunikaripia. Alikuwa amepata sehemu ya mafunzo yake Ubelgiji. Tuliketi juu ya benchi, naye akanieleza habari za upandikizaji wa ini ambazo tangu siku ile nimeendelea kuzisoma. Ninawashirikisha, kwa sababu zilibadili jinsi ninavyoishi.

Mtu wa kwanza kuthubutu kazi hiyo kwa binadamu alikuwa Thomas Starzl, mwaka 1963, katika mji wa Denver huko Marekani. Mgonjwa wake alikuwa mtoto mdogo, akafia mezani. Waliofuata walikufa pia katika siku au majuma machache, hata kazi ikasimamishwa. Mwaka 1967 Starzl alianza tena, na safari hii akapata wagonjwa walioishi zaidi ya mwaka. Hata hivyo kwa miaka mingi waliofariki walikuwa wengi kuliko waliopona, mpaka ilipopatikana dawa iitwayo siklosporini, ambayo huutuliza mwili usikatae kiungo kigeni. Kuanzia miaka ya 1980 upandikizaji ukaacha kuwa jaribio, ukawa tiba.

Huko Brussels, katika hospitali ya Saint-Luc, ambayo ni hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, daktari Jean-Bernard Otte alianza kuwapandikizia watoto ini mwaka 1984. Tangu mwaka 1993 wazazi wenyewe wameweza kuwatolea watoto wao kipande cha ini. Jambo hilo linawezekana kwa sababu Muumba ameliwekea ini uwezo wa ajabu: likikatwa, hukua tena. Kipande cha mama hukua ndani ya mtoto, na ini la mama hurudia ukubwa unaomtosha katika majuma au miezi michache. Lakini tusidhani kwamba mama huyo hapatwi na hatari. Anapasuliwa akiwa mzima, na wako watoaji wachache duniani waliopoteza maisha.

Nilimwuliza daktari: «Na baada ya hapo mtu amepona?»

Akajibu: «Hapo ndipo kazi inapoanza.»

Siku ya upasuaji ni moja, lakini upandikizaji hupimwa kwa miaka. Katika hospitali za Ulaya, kati ya watu mia waliopandikizwa ini, takriban 85 huwa hai baada ya mwaka mmoja. Zaidi ya 70 huwa hai baada ya miaka 5. Na kama 60 baada ya miaka 10. Watoto hufanikiwa zaidi ya watu wazima, na wako waliopandikizwa wakiwa wachanga ambao leo ni wazazi. Hesabu hizi ni sababu ya kumshukuru Mungu, kwani wote hao wangekufa. Ila kila mmoja wao hula dawa kila siku. Akiiacha, mwili huliona ini lile kuwa mgeni, ukalishambulia. Na dawa yenyewe ina gharama mwilini: baada ya miaka mingi huweza kudhoofisha figo, kupandisha shinikizo la damu, kuleta kisukari, na kuufungulia mlango ugonjwa wa kuambukiza au saratani. Ndiyo maana mpokeaji hupimwa damu mara kwa mara mpaka mwisho wa maisha yake.

Ndugu zangu vijana, jambo linalofuata linawahusu ninyi hasa. Madaktari wanaowafuatilia watoto waliopandikizwa ini wameona kwamba kipindi cha hatari kwao si utoto tu. Kipindi kingine ni ujana. Mtoto aliyepewa kipande cha ini la mama yake akiwa na umri wa mwaka mmoja hukua salama, kwa maana mama ndiye anayempa dawa. Akifika miaka 15 au 17, dawa inakuwa mkononi mwake mwenyewe. Anajiona mzima. Hataki rafiki zake wamwone akimeza vidonge. Amechoka kuwa tofauti na wengine. Anaruka siku moja, hakuna kinachotokea. Anaruka juma zima. Katika umri huo wengi hurudi hospitali mwili ukiwa umeanza kulikataa ini, na wengine hulipoteza kabisa. Kipande kile alikipata kwa damu ya mama yake, na kinaweza kupotea kwa sababu ya aibu mbele ya rafiki.

Niliposikia hayo nilijitambua. Mimi sikupandikizwa kitu, lakini kijana yule ni mimi.

Daktari akaniongezea jambo moja ambalo halijaniondoka. Zamani, mtu aliyeharibikiwa ini kwa virusi vya aina ya B alipopewa ini jipya, mara nyingi virusi vilivyobaki mwilini vililivamia lile jipya pia, na hospitali nyingi zilisita kuwapandikiza watu kama hao. Kilichobadili mambo ni kingamwili za kuchoma sindano, kisha vidonge vinavyovizuia virusi visizaane. Kimojawapo huitwa tenofoviri. Leo mgonjwa wa Brussels mwenye ini jipya humeza kidonge hicho ili virusi visirudi. «Na wewe,» daktari akaniambia, «vipimo vikionyesha kwamba unakihitaji, utameza kidonge kile kile, ili usije ukalihitaji ini jipya.» Si kila mwenye virusi anayepaswa kuanza dawa mara moja, bali kila mwenye virusi anapaswa kufuatiliwa. Kama Yaya angepimwa mwaka 2009, siku ile niliyopewa karatasi, huenda kidonge hicho kingalimpa miaka. Kwa uvimbe uliokuwa umekua kiasi kile, hata huko ng'ambo wasingekubali kumpandikiza, kwa kuwa saratani ingerudi katika ini jipya.

Yaya alifariki kabla ya Noeli. Nilikuwa nimemwambia ukweli kitandani pake siku chache kabla. Alikuwa hana nguvu ya kusema mengi. Aliniuliza kama watoto wake wamepimwa. Hakuuliza kitu kingine.

Katika kilio, jioni wanandugu wote walipokuwa wamekusanyika kiwanjani, nilisimama nikaomba shangazi aitwe. Wengine walinung'unika. Alikuja, akasimama karibu na mlango wa kiwanja, akakataa kiti. Nilieleza habari za virusi, na habari za karatasi. Shangazi hakujifunza kusoma. Akasema: «Uisome.» Nikaikunjua, nikaisoma kwa sauti, pamoja na tarehe yake. Palikuwa kimya. Kisha akasema: «Basi siyo kasiksi yangu.» Akaweka kitenge chake vizuri kiunoni, akaenda nyuma ya nyumba kuwasaidia wanawake kuosha sufuria. Hakunitamkia neno la msamaha siku ile, wala mwaka uliofuata. Lakini yeye ndiye aliyewashika mikono wadogo zangu, mmoja mmoja, akawapeleka kupimwa.

Dada yetu mdogo alionekana navyo. Alikuwa na umri wa miaka 19, na ini lake lilikuwa bado zima. Amefuatiliwa tangu wakati huo. Ameolewa, mumewe alichanjwa, na alipobeba mimba wahudumu walijua hali yake tangu mwanzo. Watoto wake wawili wamepimwa, nao hawana virusi. Watoto wa Yaya pia hawana.

Na mimi? Vipimo vilionyesha kwamba nahitaji dawa. Miaka ya kwanza niliipata kwa shida, nikiinunua kwa mfuko wangu na kukopa pale mfuko ulipokuwa mtupu. Ningependa kuwaambia kwamba baada ya kifo cha Yaya sikuruka hata siku moja. Si kweli. Baada ya miaka miwili nilijiona mzima, nikachoka, nikaacha. Miezi michache baadaye macho yangu yakawa manjano. Nilirudi kwa daktari nikiwa na hofu na aibu ile ile ya zamani, naye akaniambia kwamba anayeacha dawa hii bila ushauri huviamsha virusi kwa nguvu mpya. Tangu siku hiyo kidonge changu kiko juu ya meza ya chakula, mahali ambapo mke wangu na watoto wanakiona. Nisipokimeza, mtoto wangu wa mwisho hunikumbusha. Nimejifunza kwamba uaminifu wa mtu mmoja, akiwa amejificha, ni dhaifu sana; akiwa mbele ya wanaompenda, hupata miguu ya kusimamia.

Kanisa limeitazama kwa heshima kazi ya kutoa viungo. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1995 juu ya Injili ya uhai, aliihesabu miongoni mwa matendo ya kishujaa ya kila siku; na mwezi wa Agosti mwaka 2000, akizungumza huko Roma na madaktari wa upandikizaji, alisisitiza kwamba kiungo hakiuzwi, na kwamba mtoaji atoe kwa hiari yake, akijua anachokitoa. Neno hilo «akijua» linanigusa. Nilipomwambia daktari «kateni langu», nilitaka ushujaa wa siku moja. Ujuzi wa damu yangu niliufukia, na uaminifu wa kila jioni sikuutaka. Lakini hata mama anayetoa kipande cha ini kule Brussels, zawadi yake haihifadhiwi na kisu cha daktari. Huhifadhiwa na kidonge kinachomezwa miaka ishirini baadaye, siku ambayo hakuna anayetazama.

Sisi wa Kivu ya Kusini tunaweza kusikitika kwamba upasuaji huu uko mbali nasi, na ni haki kusikitika. Tuna vyuo vya udaktari mjini kwetu, tuna vijana wanaosoma humo, na huenda mmoja wenu ataona siku ambayo utafanyika karibu. Lakini mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na virusi hivi, na watu milioni 1.1 walikufa kwa ajili yake. Hakuna hospitali zinazoweza kuwapandikiza ini watu wote hao. Wengi wataokolewa na mambo madogo: mtoto kupewa chanjo katika juma la 6, la 10 na la 14, na pale inapopatikana, dozi ya kwanza ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kila mtu kuwa na wembe wake, mjamzito kupimwa, kijana kujua hali ya damu yake kabla ya ndoa, na mwenye virusi kufuatiliwa bila kuchoka. Mimi na Yaya tulizaliwa kabla chanjo hiyo haijaingia katika ratiba ya watoto wa nchi yetu. Wengi wenu mmezaliwa baada yake.

Karatasi ile ninayo bado. Siku hizi siiweki katika kitabu cha nyimbo. Iko pamoja na kadi za chanjo za watoto wangu.

Kwa kutafakari pamoja katika kikundi:

1. Katika mtaa wetu, mtu akiugua, huwa tunatafuta kwanza nini: kipimo au mkosaji? Je, yuko jirani ambaye tumemtenga kwa neno lisilothibitishwa?

2. Ni habari gani ninayoificha kwa aibu, ambayo ingeweza kumwokoa mtu wa nyumbani mwangu?

3. Kikundi chetu kinaweza kumsaidiaje mwenzetu anayepaswa kula dawa kila siku, ili asilazimike kujificha?